Chupa Juu ya Msumari

Mawingu yamesimama upande wa Mtambwe tangu juzi,
na Mize ameshaanua hata nguo ambazo bado mbichi.
Leo, basi, nailaza Vespa.

Siyo kwamba naogopa maji. Mtu wa Wete aogope maji?
Naogopa udongo, ule mwekundu wa njia ya Jadida:
ukishalewa mvua haumjui mwenyeji wala mgeni,
na goti langu la kulia limeshauonja mara mbili.

Naiingiza ukumbini kinyumenyume,
kama ng'ombe asiyetaka zizi.
Chini nimetandika gunia la karafuu, tupu,
limebaki na harufu tu.
Nayafuta matope ya mwaka kwa kitambaa
kilichokuwa shati langu la kazi
enzi nikisoma mita za umeme nyumba kwa nyumba
na kila nyumba ikiniapia kuwa mita ni mbovu.
Nyaya za breki na klachi nazidondoshea mafuta.
Magurudumu nayainua juu ya vipande vya mfenesi
mpira usije ukafanya bapa,
kama mtu aliyelalia ubavu mmoja miezi mitatu.
Bomba la moshi nalizibia kumbi la nazi:
mwaka juzi panya alizaa humo,
na nilipopiga kiki mwezi wa sita
walitoka watano, weusi, wakipiga chafya.

Chumvi ndiyo adui asiyebisha hodi.
Haina haraka. Inakula chuma
kama mtoto anavyokula halua, pembeni kwanza.
Kwa hiyo grisi, na juu ya grisi turubali,
na juu ya turubali kanga kuukuu
aliyoitoa Mize mwenyewe. "Usinirudishie," akasema.
"Ina tundu."

Fundi Shaame alinifundisha: kamua petroli yote.
Petroli iliyolala huoza, hugeuka gundi ndani ya kabureta,
na mvua zikikatika utalia.
Mwaka jana nilimtii. Nilikamua mpaka tone la mwisho,
nikamuuzia jirani, nikajiona bingwa.

Usiku wa kumi na saba wa mvua
Mize aliamka akitafuta pumzi
kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.
Pumu. Simu ya Faki mwenye gari inaita, inaita.
Nilivuta turubali, ndipo nikalikumbuka tangi.
Nikapiga kiki hivyo hivyo, mara tano,
kama anayemtikisa maiti.

Nikampakia. Nikasukuma.
Kandambili yangu moja imo kilimani humo hadi leo.
Yeye juu ya kiti, mwavuli mkononi,
na mwavuli ule, niliuona radi ilipomulika,
hakujifunika.
Alikuwa ameuinamisha mbele, juu ya taa.

"Ingeingia maji," aliniambia asubuhi,
kitandani mwa hospitali, sauti nyembamba kama uzi.
"Na wewe ulishahangaika kuipaka grisi."

Mwaka huu nimefanya yote tena.
Tangi nimelikamua, Shaame asije akanisuta.
Lakini ukutani, juu ya msumari wa kalenda,
nimetundika chupa ya lita moja,
petroli na oili zimeshachanganywa,
kizibo nimekikaza kwa mpira wa baiskeli.
Plagi imo mfukoni mwa shati, ndani ya karatasi;
naihisi kifuani kama jino lililong'oka.
Kitu kilichohifadhiwa hadi kisifae,
sijui kinaitwaje. Shaame ana neno lake.
Mimi nina chupa.

Mvua imeanza: kwanza juu ya bati la jirani,
halafu letu.
Mize anasema ukumbi unanuka kama kituo cha mafuta,
wageni watatukimbia.
Anasema, anapita na sufuria, anarudi bila sufuria,
na kila akipita
anainua kidole, anaitikisa chupa kidogo,
asikilize kama bado imo.